Usilipe hiyo 40,000 Jumamosi kabla hujapima usiku wa friji yako

Rudisha hizo pesa mfukoni. Nimesoma maelezo yako mara mbili na moyo umenienda mbio, kwa sababu hesabu uliyopewa ndiyo ile ile niliyopewa mimi, tofauti ni kwamba yako imepunguzwa ukubwa.

Kwa wanaofungua uzi sasa hivi: ndugu yetu wa Mwiki ana duka la soda na maziwa, amechoka na stima kupotea na tokeni za stima kuisha, na fundi amemwahidi sola kamili kwa shilingi 98,000. Paneli mbili za wati 250, betri moja ya jeli ya 200Ah, inveta ndogo ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima. Malipo ya kwanza 40,000 Jumamosi hii. Anauliza paneli za aina gani ni bora, kama betri ya jeli inafaa, kama achukue mkopo wa Sacco, na kama mwenye nyumba anaweza kumkatalia paa. Halafu akaandika hivi: "Fundi amesema itabeba friji ya kioo usiku kucha."

Hapo ndipo nilipoinuka kitini.

Mimi nauza maziwa na mtindi Ruai. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu nchi nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani, nilikuwa na lita 80 kwenye friji ya kioo. Asubuhi nilimwaga zaidi ya nusu. Wiki iliyofuata nilikuwa mjini natafuta sola, na mtu aliyemwaga maziwa jana hana subira ya kuuliza maswali. Muuzaji alinitazama, akatazama picha ya friji kwenye simu yangu, akasema, "Mathe, hii inabeba nyumba mzima na duka, usiku na mchana, tokeni utasahau." Hakuuliza friji inakula kiasi gani. Hakuuliza nafunga duka saa ngapi. Aliuliza nina pesa ngapi, halafu mfumo ukatoka sawasawa na pesa nilizotaja.

Nililipa 185,000. Elfu sitini zilitoka chama chetu cha akiba, zilizobaki mkopo wa Sacco, wadhamini wakiwa dada yangu na jirani. Nikapata paneli nne za wati 300, inveta ya kVA 3 na betri mbili za jeli za 200Ah. Fundi aliyetumwa alifunga kila kitu kwa siku moja, akala chapati zangu, akaondoka. Paneli hazikuwa na kosa, na mpaka leo zinafanya kazi vizuri. Kosa lilikuwa betri, na jinsi alivyoipanga inveta.

Sasa nisikilize hapa polepole, maana hapa ndipo laki moja na zaidi ilipoenda.

Wewe unanunua tokeni, kwa hiyo yuniti unazijua. Betri ya 12V 200Ah ikiwa mpya na imejaa ina yuniti 2.4 (12 mara 200 ni wati-saa 2,400, na yuniti moja ni wati-saa 1,000). Mbili ni 4.8. Lakini betri ya jeli, sawa na betri yoyote ya risasi (lead-acid), haitakiwi kushushwa chini ya nusu kila siku. Ukiishusha hadi mwisho kila usiku, maisha yake yanakatika, miaka inageuka miezi. Kwa hiyo yangu zilikuwa na yuniti 2.4 za kutumika, na inveta nayo inakula yake ikibadilisha umeme, nikabaki na kama 2.1. Andika hiyo namba.

Usiku wangu, nilipokuja kuupima baadaye, ulikuwa unakula yuniti 3.8. Friji ya kioo peke yake, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi, 2.3. Friza 0.8. Taa, televisheni na kisanduku cha wifi, 0.7. Yaani tangu siku ya kwanza nilikuwa namdai punda abebe magunia mawili ya mahindi huku mgongo wake ni wa gunia moja.

Mchana nako mambo hayakuwa mazuri. Paneli zangu siku ya jua kali zilitoa kama yuniti nne hivi. Friji na friza mchana zilikuwa zinakula 2.6 papo hapo. Kilichobaki cha kujaza betri hakikufika yuniti mbili. Na yule fundi, ili nione tokeni zimepungua nifurahi, aliipanga inveta ichaji betri kwa jua peke yake, na ihamie stima betri ikifika volti 22.0. Kwa betri mbili zilizounganishwa kuwa 24V, hapo ni karibu na sakafu. Kwa hiyo betri zangu hazikuwahi kujaa hata siku moja, na kila usiku zilikwanguliwa hadi chini. Betri ya risasi ikikaa njaa hivyo, salfeti inaganda juu ya bamba zake kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, na ukoko ukishakuwa mgumu hautoki.

Nilikuwa nasikia, lakini sikuelewa nilichosikia. Kila usiku, kama saa nne, ndani ya inveta kunalia "tak!" Nikadhani ni kawaida. Ilikuwa ndiyo sauti ya betri kuishiwa na mzigo kuhamia stima. Wiki zilivyosonga, tak ikaja saa tatu na nusu. Halafu saa tatu. Tarehe 10 Desemba, Jumapili, stima ilipopotea tena nchi nzima, nyumba yangu ikawaka peke yake kwenye barabara yetu. Majirani walikuja kuchaji simu, nikawapikia chai. Saa nne usiku inveta ikaanza kupiga kelele, na dakika chache baadaye kila kitu kikazima. Watoto waliipa jina la jogoo anayewika saa nne usiku. Mimi nilikaa jikoni na tochi, nikihesabu lita.

Julai 2024, wakati ule wa baridi na mawingu ya Nairobi ambapo unaweza kukaa wiki nzima bila kuona kivuli chako, zikafa kabisa. Zilikuwa zinashika mzigo chini ya saa moja. Moja ilikuwa imevimba ubavuni. Hazikuwa zimemaliza hata mwaka.

Nikazibeba kwa Proboksi hadi dukani. Kila moja ni zaidi ya kilo hamsini, mwanangu na dereva walizishusha wakihema. Nilikuwa na waranti ya mwaka mmoja mkononi. Yule yule aliyeniita mathe alichomeka kifaa chake, akasoma, akasema betri "zimetumiwa vibaya", na waranti haihusu betri iliyoshushwa kupita kiasi. Nikamwambia, wewe ndiye uliyesema zitabeba friji usiku kucha! Akanionyesha mstari mdogo nyuma ya risiti. Huyo mtu alijua. Alijua siku ya kwanza, kwa sababu kugawanya 4.8 kwa mbili hakuhitaji chuo. Alimuuzia mama wa maziwa betri ambayo alijua ataiua, na mstari wa kumkana alikuwa tayari ameuchapisha. Nimesamehe mengi maishani, hili bado.

Na fundi wake hakuwa na leseni. Nilikuja kujua baadaye kwamba tangu kanuni za mwaka 2012 mtu anayefunga sola nchini anatakiwa awe na leseni, siku hizi inatoka EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, na ina madaraja, T1 kwa mifumo midogo kabisa, kisha T2 na T3. Mwombe wako akuonyeshe yake kabla hajapanda paa. Akianza kukuambia amefanya kazi hii miaka kumi, hajajibu swali.

Sasa tuweke mfumo wako kwenye mizani. Betri yako moja: 2.4 ikiwa mpya, nusu yake 1.2, ukiondoa ya inveta unabaki na kama yuniti moja. Friji ya kioo ya soda kama yangu inataka zaidi ya mbili kwa usiku mmoja. Paneli zako mbili, wati 500 kwa pamoja, siku nzuri zitakupa chini ya yuniti mbili, na friji hiyo hiyo inaweza kula nne kwa saa 24. Hujafika kwenye taa. Hujafika kwenye televisheni. Utasikia tak yako saa mbili usiku, na kwa sababu duka lako lina wateja hadi saa nne, hata hutaisikia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nayo nimeilipia: pima usiku wako kwa yuniti kabla hujazungumza bei na mtu yeyote. Usikadirie, na usikubali namba ya muuzaji. Kuna mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, kisha friji unaichomeka kwenye mita, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya stima na bei yake ni ndogo kuliko maziwa ya asubuhi moja. Iache wiki nzima. Andika namba jioni ukiwasha taa, andika tena asubuhi. Fanya hivyo kwa friji, halafu kwa friza kama unayo. Usiku ule mkubwa kuliko zote ndio unaonunulia betri. Ikiwa ni ya jeli, zidisha mara mbili na uongeze kidogo kwa ajili ya inveta.

Kupima kulinifundisha kitu ambacho muuzaji asingeniambia kamwe, kwamba sikuhitaji betri kubwa. Friji ya kioo ndiyo ilikuwa inaninyonya, mlango wake ni kioo na balbu zake zinawaka usiku kucha hakuna anayeziangalia. Sasa mchana, jua likiwa juu, friza inagandisha chupa ishirini za maji, zile za lita moja na nusu. Saa mbili usiku nazima friji ya kioo, maziwa yanaingia kwenye lile sanduku la kuhifadhi baridi kama la wauza aiskrimu, chupa zinapangwa katikati na juu, mfuniko unafungwa. Saa kumi na moja asubuhi ukitia mkono ndani vidole vinauma kwa baridi. Baridi ya usiku naihifadhi kwenye maji, na maji hayafi kama betri. Usiku wangu ukashuka kutoka yuniti 3.8 hadi 1.6.

Hapo ndipo nilipoenda kununua betri ya lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, 25.6V 100Ah. Hiyo ina yuniti 2.5 na unaweza kutumia sehemu kubwa yake kila usiku bila kuiumiza. Fundi mwenye leseni alibadilisha mipangilio ya inveta, maana ukiiacha kwenye mipangilio ya jeli utaiharibu hii nayo, kisha tukaongeza paneli mbili baada ya kuhakikisha inveta inazibeba. Inakaribia mwaka sasa. Tak ya usiku sijaisikia.

Kinachoniuma zaidi ni majirani. Walioniona Desemba nikiwa na taa walikuwa wameshaanza kuuliza bei. Walioniona Julai nikipakia betri zilizokufa wakaacha. Kwenye chama chetu wanawake watatu walikuwa wamepanga kuchukua sola kwa zamu, pesa zikaenda kwa viti vya kukodisha. Mmoja aliniambia usoni, "Sola ni ya watu wa Runda," yaani matajiri. Tunakaa digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, jua linatupiga utosini, na mama anaamini si lake kwa sababu ya hesabu moja ambayo mtu alikataa kuifanya dukani. Watu wanasema sola haienei kwa sababu ni ghali. Ghali ni kununua mara mbili, na ghali zaidi ni barabara nzima kukuona ukinunua mara mbili.

Kuhusu mkopo wa Sacco, chukua tu ukishakuwa na namba, kwa sababu mimi nilimaliza kulipia betri zilizokwisha kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na kila mwezi nilipomtumia dada yangu ujumbe kwamba nimelipa, nilikuwa nalipia kitu ambacho hakipo. Paneli usihangaike nazo sana, nunua zenye namba ya utambulisho (serial number) inayosomeka na waranti ya maandishi. Nasema tena betri, betri, betri.

Leo ni Jumatatu. Nunua mita kesho, mpigie fundi umwambie Jumamosi haiwezekani. Akikuambia bei itapanda wiki ijayo, mwache apandishe. Jumapili usiku rudi kwenye uzi huu na namba zako za siku tano za kwanza, tutakaa tuzipige hesabu hapa hapa mbele ya wote.