Dereva akisema turudi, msimuulize kwa nini

Kabla sijawa afisa usalama wa mashirika ya misaada nilikuwa mtu wa redio za mawasiliano. Miaka minne nilikaa katika chumba kidogo cha mabati kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa, redio ya VHF ya masafa mafupi mbele yangu, ya HF ya masafa marefu kando, ubao mweupe ukutani na daftari la safari mapajani. Kila gari likitoka nililiandika ubaoni: dereva ni nani, abiria ni wangapi, linakwenda kambi ya Ifo, Hagadera au Dagahaley, litafika saa ngapi. Likirudi, nafuta. Nilikuwa silali vizuri mpaka ubao uwe mtupu.

Nawaandikia hasa nyinyi mnaopewa usalama kama mzigo wa pili. Uko ugavi, au utawala, au unasimamia mradi wa maji, kisha siku moja unakabidhiwa faili nene la taratibu na kuambiwa kuanzia leo wewe ndiye wa usalama pia. Faili hilo lisome, tena lisome lote. Lakini jambo lililonigharimu zaidi kujifunza sikulikuta humo.

Ilikuwa mwaka mmoja hivi kabla Dadaab haijachafuka kabisa. Gari letu moja lilikuwa njiani kwenda Dagahaley, dereva akiwa mzee mmoja wa Garissa aliyeendesha njia hizo tangu miaka ya tisini, kambi zilipokuwa changa. Redio ikaita, naye akajitaja kwa jina la gari redioni, Tatu Mbili. "Kituo, hapa Tatu Mbili. Dada, leo hakuna punda barabarani."

Aliyewahi kukaa Dadaab ataelewa. Saa hizo za asubuhi njia hujaa mikokoteni ya punda, yenye maji, yenye kuni, na watoto wamekaa juu wakichapa viboko. Barabara ikiwa tupu, kuna watu wanaojua kitu usichokijua wewe. Mzee hakusema ameona bunduki, kwa sababu hakuwa ameiona. Alichosema ni kwamba hakuna punda.

Kabla sijajibu, sauti nyingine ikaingia. Ilikuwa ya msimamizi aliyekaa kiti cha mbele. Wageni wa mfadhili wanasubiri, wameshachelewa, hakuna tatizo lolote. Nikatazama daftari, nikatazama saa, na nikasema neno ambalo bado linanichoma: "Tatu Mbili, endeleeni."

Dakika ishirini baadaye nilipoita hawakujibu. Watu watatu wenye bunduki walichukua gari, simu na viatu. Msimamizi na wenzake wawili hawakuguswa. Mzee alipigwa kitako cha bunduki kwa kuwa alichelewa kutoa ufunguo, mfupa wa bega ukavunjika. Walitembea mchangani mpaka lori la maji likawaokota.

Wiki mbili baadaye ripoti ya tukio ilitoka, na ndani yake mna sentensi moja: dereva hakutoa taarifa ya kutosha kuhusu hatari. Niliisoma mara tatu. Kisha nikafungua daftari langu, ukurasa wa siku ile, saa mbili na dakika arobaini, mwandiko wangu mwenyewe: "TM asema hakuna punda." Nilichelewa siku mbili kulipeleka daftari kwa mkurugenzi, kwa sababu niliogopa kibarua changu. Nalisema hili wazi kwa kuwa najua wapo wengi wanaokaa kimya kwa sababu hiyo hiyo. Ripoti ilirekebishwa. Bega la mzee halikurudi kama lilivyokuwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama nina nafasi ya mmoja tu basi ni huu: andikeni kanuni kwamba mtu yeyote ndani ya gari, awe dereva, mkalimani au mkunga aliyeajiriwa juzi, akisema turudi, gari linarudi. Hakuna kupiga kura. Hakuna anayeulizwa sababu mpaka magurudumu yawe ndani ya geti. Kanuni hiyo isainiwe na mkurugenzi wa nchi, isomwe mbele ya wageni kabla hawajapanda gari, na mfadhili aambiwe pia. Mtu wa redio naye apewe mamlaka kwa maandishi ya kusimamisha safari, maana mimi siku ile sikuwa na haki ya kusema rudini, ila nilikuwa na haki ya kusema endeleeni. Ni mpango wa hatari sana, na bado naukuta ofisi nyingi.

Mtaambiwa watu wataitumia vibaya, wavivu watarudi kila siku. Nimesimamia kanuni hii katika ofisi tatu. Gari kurudi bila tukio hutokea, na ni sawa. Sijamwona dereva hata mmoja aliyeifanya mchezo. Madereva wanaona fahari kufikisha watu. Kazi ngumu ni kuwafanya waamini kwamba wakirudi hawatanuniwa.

Na wageni wakubwa ndio saa ya kuwa macho kuliko zote. Tarehe 29 Juni 2012, msafara wa Baraza la Wakimbizi la Norwe ulivamiwa Ifo 2, hapo hapo Dadaab, katika ziara ya katibu mkuu wa shirika hilo. Dereva Mkenya aliuawa, wengine wakajeruhiwa, na wafanyakazi wanne wakatekwa na kuvushwa mpaka hadi Somalia, wakaokolewa siku ya nne. Haikuwa mara ya kwanza: Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa Madaktari Wasio na Mipaka, raia wa Hispania, walitekwa katika kambi hiyo hiyo na kushikiliwa mpaka Julai 2013. Mmoja wa wale wanne wa 2012, Steve Dennis, alilishitaki shirika lake, na Novemba 2015 Mahakama ya Wilaya ya Oslo ikamwona ana haki. Hatari ya kutekwa ingeweza kuonekana mapema, na msafara ule ulikwenda bila ulinzi wa silaha. Mahakama iliuita huo uzembe mkubwa na kuamuru alipwe kroni za Norwe milioni 4.4 hivi. Tangu hapo mabosi wengi wamejifunza kusema "wajibu wa kuwalinda wafanyakazi". Nafurahi. Ila familia za madereva haziendi mahakama za Oslo, na ndiyo maana lazima sisi tuliomo ndani ya ofisi tuwasemee kabla.

Hata karatasi inayosema njia ni salama isikulaze. Februari 2021, njia ya Goma kwenda Rutshuru, mashariki mwa Kongo, ilikuwa imeruhusiwa kusafiriwa bila eskoti ya walinzi wenye silaha. Karibu na Kibumba msafara wa Shirika la Chakula Duniani ulivamiwa. Dunia ilimlilia balozi wa Italia, Luca Attanasio, na alistahili kuliliwa. Pamoja naye walikufa mlinzi wake, Vittorio Iacovacci, na dereva Mkongomani, Mustapha Milambo. Ruhusa ya jana ni habari ya jana. Kila asubuhi, kabla ya gari kutoka, mtu apige simu kwa watu wa njiani: muuza chai wa njia panda, mwalimu, mzee wa mtaa, dereva wa matatu aliyeshuka alfajiri. Muulize soko limefunguliwa? Watoto wameenda shule? Maswali ya kawaida kabisa, na majibu yake yana thamani kuliko ramani ya usalama ya rangi tatu inayotumwa kwa barua pepe.

Watu hao lakini hawapatikani siku ya shida. Wanapatikana kwa chai nyingi ambazo hazina ajenda, kwa kuhudhuria msiba, kwa kurudi kuwaeleza wazee kwa nini kisima kilichoahidiwa hakijachimbwa. Hasira nyingi nilizoziona dhidi ya mashirika zilianza na ahadi iliyokufa kimya au orodha ya chakula iliyoruka majina. Kwa hiyo ukiwa wa usalama, kaa kwenye vikao vya mradi. Usingoje kuitwa.

Sasa nije kwa jambo linalonipa usingizi mchache zaidi.

Wengi wa wanaouawa katika kazi hii duniani ni wenyeji wa nchi husika, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2024 waliuawa zaidi ya 380, na wageni miongoni mwao ni wachache mno. Hata hivyo mipango mingi ya usalama niliyokabidhiwa ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mtu anayelala ndani ya kampaundi, nyuma ya ukuta na walinzi. Saa kumi na moja jioni mhasibu wetu anapanda pikipiki kwenda kwake. Watu mtaani wanajua anakofanya kazi, wanajua siku ya mshahara, na wengine walikosa jina kwenye orodha aliyoichapa yeye. Nani amekagua mlango wake? Muulizeni kila mfanyakazi anaishi wapi, anarudije, anamwogopa nani. Muulizeni faraghani, na mwanamke aulizwe na mwanamke. Baadhi ya majibu niliyoyapata yalitatuliwa kwa vitu vidogo: komeo, taa ya sola nje ya choo, nauli ya teksi kwa anayetoka baada ya giza, kubadilishwa kituo kimyakimya.

Dadaab kuna pia wakimbizi wenyewe wanaofanya kazi kwa posho, wanaogawa chakula na kutafsiri kliniki. Sisi tukiondolewa wao wanabaki, tena wakiwa na fulana yenye nembo yetu. Wapeni haki ya kuivua. Msiwaache na orodha za majina nyumbani. Mkiwaomba waendelee na kazi kwa simu nyinyi mkiwa Nairobi, jiulizeni kwanza mnawahamishia hatari gani.

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, wenzetu wengi wa kigeni walikuwa wameshavuka kwenda Rwanda. Wakongomani walibaki na familia zao, kama ilivyo kawaida. Uwanja wa ndege ulifungwa, benki zikafungwa. Mtu mwenye mshahara benki alikuwa hana hela ya unga. Hapo ndipo nilipoona nani alijiandaa. Walioamua mapema, dalili zilipoanza, kuwalipa watu wao mshahara wa miezi miwili au mitatu kwa mkupuo waliwapa uwezo wa kuchagua: kuondoka, kukaa, kununua maji, kulipia matibabu. Mipango ya uokoaji yenye helikopta inasomeka vizuri. Mwenye watoto watano anataka hela mfukoni na jibu la wazi kabla ya siku yenyewe: mtanichukua au hamnichukui? Familia yangu je? Kama jibu ni hapana, mwambieni hapana mapema, kwa heshima, mkiwa mmekaa, ili apange yake. Nimewahi kutoa jibu hilo. Lilikuwa gumu, na aliyelipokea alinishukuru, kwa sababu alikuwa ameshaishi miaka akifikiri atachukuliwa.

Kuhusu mafunzo sina mengi. Ya siku tatu yenye mateka wa kuigiza yanafaa, ila yasiishie kwa mameneja. Mpelekeni dereva na mlinzi wa geti. Baada ya tukio, mpeni mtu likizo na mshauri anayezungumza lugha yake, na mlipie nyinyi. "Pole sana" ya kwenye korido haitoshi.

Na kuna fomu ya ndugu wa karibu. Siku ile ya mzee, nilipohitaji kumpigia mke wake kabla habari haijamfikia kutoka sokoni, nilifungua jalada nikakuta namba iliyokufa zamani. Ilibidi tumtume kijana na pikipiki mtaa wa Bula Iftin, mjini Garissa, aulize nyumba kwa nyumba. Alipofika, mama wa watu alikuwa ameshaambiwa na jirani kwamba mumewe amekufa. Alikaa na msiba huo karibu saa mbili nzima.

Sasa kila ninapoanza kazi mahali, wiki ya kwanza naita watu mmoja mmoja na fomu hiyo. Nilianza na mzee mwenyewe, aliporudi kazini mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa shingoni. Alinitajia namba ya mke wake, kisha ya binti yake. Nikaandika, nikataka kufunga jalada. Akanizuia.

"Piga kwanza, dada."

Nikapiga mbele yake. Ikaita mara tatu, mke wake akapokea.