Kumtetea mtoto aliye tumboni bila kumwanika msichana wa watu

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Mimi ni kijana wa shirika moja huku Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Vijana wenzangu wamepanga kusimama mbele ya kituo cha afya ambako inasemekana wasichana wanatolewa mimba. Wamechapisha mabango yenye picha za watoto waliokatwakatwa, walizotoa kwenye video za Marekani. Wanataka kutaja majina ya wasichana wawili kwa kipaza sauti, na wameandika barua kuomba redio isimpe tena nafasi muuguzi anayeeleza Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika kuhusu haki za wanawake. Nimekataa kutia sahihi. Wananiambia namwonea Kristo haya. Ni kweli?

JIBU: Milele na milele, amina. Hapana, mwanangu, hujamwonea Kristo haya. Ila usilitumie jibu hili kuwadharau wenzako, maana katika jambo la msingi wao wanasema kweli.

Mtoto aliye tumboni ni binadamu, na kumwua kwa makusudi ni dhambi nzito. Kanisa halikuanza kufundisha hivyo jana. Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, yanakataza waziwazi kutoa mimba. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alilirudia fundisho hilo mwaka 1995 katika waraka wake Evangelium Vitae. Na kitabu cha Mithali, sura ya 31, kinatuagiza tufumbue kinywa kwa ajili ya aliye bubu. Ni nani aliye bubu kuliko mtoto ambaye hajazaliwa? Kwa hiyo vijana wenu kutaka kusema ni jambo jema, na anayewaambia dini ibaki kanisani tu anawakosea.

Shida yangu ni hayo majina mawili. Hapo nakuomba ufungue Injili ya Mathayo, sura ya kwanza. Yusufu anamkuta mchumba wake ana mimba ambayo si yake. Malaika bado hajaja, kwa hiyo kwa macho ya kibinadamu ana kila sababu ya kudhani Maria amemkosea, na sheria iko upande wake. Maandiko yanasema kwamba kwa kuwa alikuwa mtu wa haki hakutaka kumwaibisha, akaazimu kumwacha kwa siri. Angalia vizuri: Mathayo anaiita hiyo haki, wala hasemi Yusufu alikuwa mlegevu. Kama Yusufu angekuwa na kipaza sauti na hasira za vijana wenu, Mama wa Mungu angesimamishwa mbele ya kijiji akiwa na Mwokozi tumboni.

Kutangaza kosa la mtu kwa wasiolijua, bila sababu ya haki, ni dhambi hata kama kosa ni la kweli. Katekisimu inalisema hilo katika namba 2477. Na kama si kweli, ni kusingizia, dhambi nzito zaidi. Ninyi mmepata wapi uhakika? "Inasemekana", umeandika mwenyewe. Sheria ya nchi yetu nayo inamwadhibu anayemchafulia mwenzake jina hadharani kwa nia mbaya. Tena tuko Bukavu. Dunia nzima ilisikia juu ya hospitali ya Panzi pale Daktari Denis Mukwege alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 2018, na tunajua alitibu majeraha ya wanawake waliobakwa. Msichana anayetajwa na kipaza sauti huenda alibakwa na mtu mwenye bunduki, akanyamaza hadi leo. Kanisa halikubali kwamba mtoto auawe kwa kosa la baba yake, na mimi nasimama hapo bila kusitasita. Lakini anayemwendea dada wa namna hiyo kwa matusi amemkosea kwanza yeye, ndipo akaikosea Injili.

Najua pia watu watasema, "Huyo ametengwa na Kanisa." Wengi wanalisema neno hilo bila kujua sheria. Adhabu ya kutengwa ipo kweli kwa anayetoa mimba akafanikiwa. Hata hivyo haimpati aliye chini ya umri wa miaka 16, wala haimpati moja kwa moja aliye chini ya 18, aliyesukumwa na hofu kubwa, au asiyejua, bila kosa lake, kwamba adhabu hiyo ipo. Mngapi kati ya majirani mnajua msichana huyo aliogopa nini usiku ule? Tangu Novemba 2016 Papa Fransisko alimpa kila padri uwezo wa kuondolea dhambi hiyo. Mlango wa kitubio uko wazi parokiani kwenu, na hakuna anayeandika jina la anayeingia.

Kuhusu picha sitasema mengi. Njia hiyo inapitiwa na watoto wa shule na akina mama waliopoteza mimba bila kupenda. Ziacheni.

Barua kwa redio ndiyo iliyonihuzunisha zaidi, kwa sababu imeandikwa na Wakristo wa jimbo hili. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, baada ya kupaza sauti juu ya vita na wakimbizi. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alikemea unyonyaji na utawala wa bunduki katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999. Februari 2000 wakuu wa wakati ule walimzuia kurudi kwenye jimbo lake, akakaa uhamishoni Butembo hadi Septemba. Wazee wenu wanakumbuka jinsi waumini walivyolia. Leo watoto wao wanaomba mtu azibwe mdomo?

Muuguzi huyo anaeleza jambo lililopo. Sheria yetu ya jinai inaadhibu kutoa mimba. Itifaki ya Maputo, iliyotangazwa katika Gazeti Rasmi mwaka 2018, inaruhusu kwa sababu kadhaa, zikiwemo kubakwa na hatari kwa uhai wa mama. Mimi napinga sehemu hiyo. Mpingeni nanyi muuguzi huyo, ila kwa hoja. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 7 Desemba 1965 kuhusu uhuru wa dini, ulifundisha kwamba ukweli huingia rohoni kwa nguvu ya ukweli wenyewe. Ombeni redio iwape saa moja mjibizane naye, na mwende mmejiandaa.

Tena anayeomba mwingine azibwe mdomo ajue kwamba zamu yake inaweza kufika. Uingereza, tangu Oktoba 2024, sheria imeweka mpaka wa mita 150 kuzunguka kliniki hizo, na hata kabla ya hapo watu walifikishwa mahakamani kwa kusali kimya ndani ya mipaka iliyowekwa na halmashauri za miji. Kwangu huo ni uonevu. Kule Marekani mambo ni tofauti: sheria ya mwaka 1994 inakataza kuziba mlango na kutisha watu, lakini mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta sheria ya Massachusetts iliyowaweka mbali waliotaka tu kuzungumza kwa upole na akina mama. Ni katika nchi hiyohiyo Daktari George Tiller alipigwa risasi kanisani, Jumapili ya Pentekoste 2009, na mtu aliyedai kuwatetea watoto. Video mlizopokea hazitenganishi mambo hayo. Ninyi yatenganisheni.

Basi waambie wenzako hivi. Mabango yaandikwe maneno, bila picha na bila jina la mtu. Msimzuie anayeingia wala anayetoka, na kabla ya kukusanya vijana barabarani siku hizi zungumzeni kwanza na paroko. Pesa iliyobaki ya kuchapisha iwekwe kwenye mfuko wa shirika. Katika nchi yetu wamama wengi wamezuiliwa hospitalini na watoto wao wachanga kwa kukosa pesa za kulipia uzazi, na msichana mwenye mimba analijua hilo kabla hajaamua. Chagueni mama mmoja au wawili wa shirika wanaojua kutunza siri, watangazwe baada ya Misa kwamba aliye na mimba na hofu awaendee, na mfuko utalipa.