Kabla hujamwambia fundi akaze shokapu za mbele za guta

Msimu wa zabibu uliopita niliingia kwenye kichaka cha michongoma kule Mpunguzi, Dodoma, na guta langu, ile pikipiki ya matairi matatu ya kubeba mzigo, nikiwa na kreti kumi na nane nyuma. Breki zilikuwa nzima, wala sikuwa mbio. Shida ni shokapu za mbele: zilikuwa ngumu mno, na pesa ya kuzifanya ngumu nilitoa mwenyewe mfukoni.

Shamba letu liko ndani kidogo ukiacha barabara ya Iringa. Njia ni mchanga mtupu, halafu kuna korongo. Kiangazi unashuka, unakata mchanga, unapanda ng'ambo. Guta likiwa jipya, kila nikifika chini ya korongo lilikuwa linagonga "ngo!" mpaka meno yanacheza. Nikampelekea fundi mmoja mjini. Akabonyeza usukani mara mbili, akasema, "Kaka, hii kazi ndogo." Akamwaga oil ya shokapu, akaweka oil ya gia namba 90, na juu ya kila springi akapachika kipande cha bomba la PVC kirefu kama kiganja. Kwenye lami nilijisikia mfalme. Siku ya tatu, nikipanda kutoka korongoni, nikakata usukani kushoto na guta likaenda moja kwa moja. Tairi ya mbele ilikuwa inarukaruka tu juu ya mchanga, haishiki kitu.

Nilivyokuja kuelewa ni hivi. Pikipiki ikikata kona inalala. Guta halilali, linategemea tairi moja ya mbele ing'ang'anie ardhi. Mzigo wote uko nyuma, na ukipanda mlima unazidi kurudi nyuma, kwa hiyo mbele kunabaki kwepesi wakati uleule unapotaka kukata kona. Shokapu laini kiasi inaisukuma tairi ifuate shimo na tuta. Ikiwa ngumu kama mti, tairi inaruka shimo, na tairi iliyo hewani haielekezi chochote.

Kwa hiyo usianze na shokapu. Inua mbele, weka kreti ya soda chini ya fremu, shika mabomba ya shokapu kwa chini uyasukume mbele na nyuma. Ukisikia mchezo, huo mlio wa "ngo" huenda ni beringi za usukani zimelegea. Angalia na upepo wa tairi. Mimi nilikuwa najaza mpaka tairi inalia kama ngoma, nikidhani nasaidia mzigo.

Kama bado inagonga, jua kwanza kinachogonga ni springi au oil, maana kazi zao ni mbili tofauti. Springi inabeba uzito. Oil haibebi kitu. Inapita kwenye matundu madogo na kupunguza kasi ya springi kushuka na kurudi. Bonyeza usukani kwa nguvu uachie. Mbele ikipanda na kutulia, oil ipo. Ikiitikia kwa kichwa mara tatu nne kama mzee anayesikiliza kesi, oil imekwisha au imekuwa maji. Tazama na sili, ule mpira unaozuia oil isitoke: pakiwa na tope la vumbi na mafuta kuzunguka bomba, inavuja, na huko kukaza kwingine ni kupoteza muda mpaka ubadilishe sili.

Springi ipime kwa ile tai ya plastiki ya kufungia nyaya. Ifunge kwenye bomba linaloteleza, isukume mpaka iguse sili, endesha njia yako ya kila siku ukiwa na mzigo, kisha uone imepanda hadi wapi. Ikifika mwisho kabisa kila safari, hapo una haki ya kukaza. Ikibaki vidole viwili au vitatu, acha. Mlio mmoja kwa wiki kwenye shimo baya si ugonjwa.

Sasa PVC. Si ujinga, mafundi wengi wanaitumia na mimi bado ninayo. Lakini haiifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Inaibana kabla ya safari, basi mbele kunakaa juu. Ukizidisha, koili zinagusana kabla shokapu haijafika mwisho, na ikirudi juu inagonga vilevile. Mimi nilikata ile ya fundi nikabakiza sentimita 2, bomba la ukuta mnene, washa ya chuma juu na chini ili springi isiile. Unapofungua kofia ya juu, hakikisha mbele pameinuliwa na uso wako hauko juu yake. Ya kwangu ilipiga bati la banda, na alama ipo hadi leo.

Kwenye oil ndiko kuna utamu. Oil ya gia 90 niliimwaga. Watu hudhani 90 ni zaidi ya mara mbili ya oil ya injini namba 40, kumbe ni vipimo viwili tofauti. 90 ya gia inakaribiana na 40 au 50 ya injini. Hata hivyo kwa shokapu ni nzito kupita kiasi. Nikaweka oil halisi ya shokapu, namba 15 badala ya 10. Kisha nikacheza na kimo chake. Toa springi, bonyeza shokapu hadi mwisho, ingiza rula kutoka juu upime oil iko umbali gani. Juu ya oil kuna hewa, na hewa hiyo ikibanwa nayo ni springi. Ukiongeza oil, hewa inapungua, na shokapu inakuwa laini mwanzoni na ngumu ikikaribia mwisho. Guta la shamba linataka hicho hasa. Nilipandisha sentimita 1, nikaendesha siku mbili, nikapandisha nyingine 1, nikaishia hapo. Ukizidisha, sili zinapasuka. Kutoa iliyozidi nilitumia bomba la sindano la duka la dawa lenye kipande cha mpira mbele. Pande zote mbili ziwe sawa kabisa, la sivyo mabomba yatavutana.

Kitu kingine kilichosaidia ni kipande cha chuma kinachounganisha shokapu mbili juu ya madigadi, kimefungwa kwa bolti. Usikubali kichomelewe kwenye bomba, joto linalipinda. Kwenye mchanga mzito ndipo unaona tofauti: usukani na tairi sasa vinaelekea upande mmoja.

Mwisho nikapanga mzigo upya. Kreti nzito ziko mbele ya ekseli ya nyuma, na zile mbili zilizokuwa zinaning'inia nyuma nimezipandisha juu ya nyingine. Kijana ninayefanya naye kazi ananuna, maana hapo ndipo alipokuwa anakaa.