Kabla ya Kuagiza Sanduku la Umeme, Pitia kwa Sonara

Juzi kijana mmoja wa Kilifi aliniandikia kuhusu ndege yake ya kujiundia, yenye injini ya Rotax 912. Ikivuta kwa nguvu inakwenda vizuri, mizunguko ya injini ikishushwa inatetemeka kama ina homa. Ameambiwa anunue sanduku jipya la umeme wa cheche. Nilicheka peke yangu, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, na aliyeniambia alikuja Malindi kwa nauli yetu.

Asili yangu ni fundi wa mashine za boti. Kwenye ndege niliingizwa na mzee mmoja wa Kitaliano aliyeagiza ndege ya vipande na kuiungia gerejini kwake. Habari ya kuunga mbawa naiacha, ni ribiti na manung'uniko tu.

Ugonjwa huohuo ulitupata wakati wa kaskazi, joto limeshika. Tukaita fundi wa Nairobi, mtu mwenye vyeti. Akasikiliza mngurumo, akasema ni umeme, sanduku liagizwe ng'ambo. Nilipomuuliza mbona kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haijafunguliwa, alinitazama miguuni (nilivaa ndara) akasema, "Wewe shughulika na boti zako." Neno lile bado linaniuma, sifichi. Hapo Ngomeni, jirani zetu kabisa, setilaiti ya Uhuru, ya kuchunguza anga, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, na hadi leo kuna watu wanaodhani mtu wa Pwani hawezi kuelewa kitu kinachopaa.

Alipoondoka nilifungua plagi zote nane za cheche, nikazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda. Nne za kushoto zilikuwa na rangi ya kahawia, safi. Nne za kulia zilikuwa nyeusi tii, zimejaa masizi na zinanuka petroli, yaani mafuta yamezidi. Kwangu kesi ilikwisha pale. Injini hii ina silinda nne, na kila silinda ina plagi mbili zinazopata moto kutoka saketi mbili tofauti. Saketi moja ikifa, silinda zote nne hubaki na plagi moja moja. Umeme hauchagui upande. Kinachochagua upande ni kabureta, kwa sababu ziko mbili, na kila moja inalisha silinda mbili za upande wake. Tena tulikuwa tumeshapima cheche kwa mizunguko 4000 kwa dakika. Ukizima saketi moja, mizunguko isishuke zaidi ya 300, na tofauti kati ya saketi mbili isizidi 115. Zote zilikuwa sawa. Fundi wetu aliona namba hizo kwa macho yake!

Nikafungua bakuli la kabureta ya kulia. Ndani mna maboya mawili yanayoelea kwenye petroli ili kufunga njia mafuta yakifika kiwango. Maboya haya yana tabia ya kunywa petroli yakawa mazito, yakazama, mafuta yakapita kiasi. Kwa jozi, uzito usizidi gramu 7. Sasa gramu 7 utaipimia wapi? Mizani ya duka la viungo haioni kitu kidogo hivyo. Nikayafuta, nikayatia kwenye kichupa, nikakimbia kwa sonara mjini, maana yakikaa hewani petroli inaruka na uzito unakudanganya. Sonara alilalamika harufu, kisha akayaweka kwenye mizani ya dhahabu. Gramu 8 na ushei. Jozi ya kushoto haikufika 7.

Tukaagiza maboya mapya, injini ikatulia. Picha za kuruka tena zilipotumwa kwa marafiki wa mzee, aliyeshukuriwa ni fundi wa Nairobi. Haya.

Ndugu zangu mnaounda ndege, acheni kununua spea kwa kusikiliza. Anzeni na mafuta. Toeni maji chini ya tangi kila asubuhi, unyevu wa huku kwetu hauna huruma. Tazameni chujio, tazameni maboya, halafu tazameni tena mafuta. Mkienda kwenye umeme, anzeni na waya za ethi, zile zinazofungwa kwenye mwili wa injini, kwani chumvi ya bahari hula viungio kimyakimya. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ushike kingine. Wengi wenu mna haraka ya kuruka na uvivu wa kufungua, halafu mnasema injini ina mkosi.

Na maboya yakishabadilishwa, sawazisha kabureta zote mbili kwa geji za kupima mvuto wa hewa kabla ya kufikiria kupaa. Funga mkia kwenye kitu kisichong'oka, tia kabari magurudumuni, na mtu wa pili akae kwenye swichi, si mbele ya propela. Watoto wa mtaa watakuja kutazama. Wafukuze kwanza, ndipo uwashe.