Usiku wa Saffuriya

Mwanangu,

Unauliza ule ufalme wa Yerusalemu wa watu wa Vita vya Msalaba uliangushwa na nguvu za Salahuddin, sultani wa Waislamu, au na ugomvi wao wenyewe. Haya. Waliuteka mji mwaka 1099, wakakaa nao miaka 88. Baldwin IV, mfalme mwenye ukoma, akafa 1185, na mpwawe mdogo aliyerithi akafa mwaka uliofuata. Taji likamwangukia dada yake Baldwin IV, Sibylla, naye akamvika mumewe, Guy, wakubwa wengine wakanuna. Ugomvi ndio huo.

Lakini mimi huwa nauona usiku mmoja tu. Tarehe 2 Julai 1187 jeshi la Guy limepiga kambi Saffuriya, penye chemchemi. Salahuddin ameingia Tiberia, na mke wa Raymond wa Tripoli, mmoja wa wakubwa hao, amezingirwa ngomeni. Raymond huyo huyo, mwenye mke, ndiye anayesema tusiende, njia ni kavu. Wakakubaliana, watu wakaenda kulala. Usiku Gerard, mkuu wa Matempla, wale watawa wapiganaji, akaingia hemani kwa mfalme: huyo Raymond ni msaliti, usimsikilize. Alfajiri, safari! Tarehe 4, pale Hattin, walikuwa wamekauka koo, nyasi zinachomwa, moshi unawavukia usoni, wakapigwa. Oktoba Yerusalemu ikasalimu amri. Akka, mji wa bandari, ilikuja kushikiliwa hadi 1291, ila huko kulikuwa kujikokota tu.

Nimekwambia tangu unasoma: shauri la mchana halivunjwi usiku.

Sasa lile lori nililouzia kiwanja. Mama yako alisema mchana, mbele ya shangazi zako, kwamba kiwanja chenye kisima hakiuzwi. Nikaafiki. Baada ya isha akaja yule rafiki yangu, unamjua, na karatasi zake kakunja nne mfukoni. Chai ilipoa bila kuguswa. Nilitia saini kwa mwanga wa kibatari, nimeupa mgongo mlango wa chumba ili mama yako akitoka asinione uso. Lori lilienda safari tatu. Maji tukawa tunanunua kwa ndoo, kwa mtu aliyenunua kisima chetu.

Utasema Guy alikuwa mjinga. Hapana, ngoja. Mwaka 1183, kabla hajawa mfalme, alikaa penye maji, akakataa kupigana, na Salahuddin akaondoka zake. Ilikuwa akili ile! Wakamwita mwoga, wakamvua uangalizi wa ufalme. Mtu aliyeitwa mwoga mara moja, usiku wa pili anasikiliza kwa sikio gani? Mwaka mmoja kabla ya lori, nilipokataa kuingia kwenye biashara ya mashua, baba yako mkubwa alinicheka harusini, watu wamejaa. Hilo mama yako halijui.

Ila Guy alikuwa mfalme. Hakuna aliyemshika mkono. Wala mimi sikushikwa. Basi Gerard... sitaki kusema. Nikimtaja mwenye kosa hapo, itabidi nimtaje na wa kwetu, na Jumapili iliyopita kaja kunijulia hali, kaleta ndizi.

Kile kisima kingali kinatoa maji. Nilipita juzi.

Baba yako