Wakomoro wa Mayotte: "warudi kwao" ni wapi?

Ndugu yangu, umeandika kwamba Wakomoro walioko Mayotte, kisiwa cha jirani kilicho chini ya Ufaransa, ni wahamiaji haramu na "warudi kwao basi". Kwao wapi? Kutoka Anzuani, kimojawapo cha visiwa vya Komoro, hadi Mayotte ni kama kilomita 70 tu, karibu sawa na Dar hadi Unguja. Mpaka 1995 watu walikuwa wanavuka kwenda harusini na kurudi bila viza. Ufaransa ilipoweka viza mwaka huo, safari ileile ikawa kosa, na watu wakaanza kupakiwa usiku kwenye kwasa, vile viboti vya wavuvi. Wangapi wamezama hapo katikati, hakuna mwenye hesabu kamili.

Lakini wenyeji wa Mayotte nao siwezi kuwabeza. Kisiwa kidogo, karibu nusu ya wakazi ni raia wa nje, na 2023 maji ya bomba yalikuwa yakikatwa siku mbili, yanatoka moja. Mama mwenye ndoo tupu ukimpa somo la historia atakutukana, na haki yake.

Ila kuvunja vibanda vya mabati vya wahamiaji hakujasaidia. Aprili 2023 Ufaransa ilipoanza operesheni ya Wuambushu, ya kuvunja vibanda hivyo na kufukuza watu, Komoro ikakataa kupokea waliofukuzwa, meli ikageuzwa. Moroni, yaani serikali ya Komoro, inasema Mayotte ni kisiwa chake, sasa itampokeaje mtu "aliyefukuzwa" kutoka nyumbani kwake? Halafu hao wanaofukuzwa, wengi utawakuta wamesharudi na kwasa nyingine.