Ufunguo wa besi umepinda, mwingine unashuka: nafungaje mpya bila kupasua kichwa cha gita?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi napiga gita la besi kwenye kwaya hapa Morogoro. Besi ni ya mtumba, nyuzi nne, funguo zote (vile vya kukazia nyuzi kichwani) ziko upande mmoja. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, unashuka sauti kila tukimaliza nyimbo mbili, alafu ufunguo wa A umepinda baada ya kuangukiwa na stendi ya spika. Kuna duka Kariakoo wana seti nzima. Naweza kufunga mwenyewe? Na nikitoa nyuzi zote kwa mpigo shingo haitaharibika?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huo wa A hauna mjadala, utoe, usijaribu kuunyoosha kwa plaizi maana hata kikinyooka kwa macho gia haitakaa sawa tena. Ila huo wa E subiri kwanza kabla hujatoa hela.

Ufunguo wa gita ndani yake una skrubu inayosukuma gia. Skrubu inaweza kuzungusha gia lakini gia kuirudisha skrubu nyuma ni ngumu sana, ndo maana uzi unaovuta kwa karibu kilo 20 unabaki pale pale ulipouacha. Kwahiyo ufunguo kurudi wenyewe sio jambo la kawaida, na mi nimeona watu wengi wananunua seti mpya wanafunga na besi inaendelea kushuka vile vile. Fanya hivi: tyuni vizuri, alafu chukua peni ya wino usiofutika uchore kamstari kamoja kanakoanzia kwenye kinguzo kile uzi unapozungushiwa na kuishia kwenye bushi, yaani ile pete ya chuma iliyozunguka kinguzo. Piga nyimbo zako mbili. Sauti ikishuka na mstari umeachana, ufunguo una kesi, na hata hapo kaza kwanza kile kiskrubu kidogo kinachoshika gia kwa nyuma, huwa kinalegea. Mstari ukibaki umenyooka basi ufunguo hauna kosa, angalia uzi umezungushwa mara ngapi (ukiwa umezunguka mara moja tu unateleza huo) na angalia pale kwenye kipande cheupe nyuzi zinapopita kabla ya kuingia kwenye shingo, kama unasikia "tik" ukiwa unatyuni ujue uzi unang'ang'ania pale, sugua penseli kwenye huo mfereji.

Haya, tuseme umeshahakikisha unabadilisha. USINUNUE KABLA HUJAPIMA. Toa ufunguo mmoja uende nao dukani kabisa, ndo njia salama kuliko zote. Funguo za besi hazilingani, kuna mashimo ya karibu milimita 14 na kuna ya milimita 17 na kitu, na kwa macho zinafanana kabisa. Pima shimo kwa mbele, pima unene wa kichwa, na linganisha matundu ya skrubu za nyuma. Cha pili ni upande. Wewe funguo zako zote nne ziko upande mmoja, na kuna seti zinauzwa mbili za kulia mbili za kushoto kwa ajili ya vichwa vya mbili kwa mbili, ukichukua hizo mbili zitakaa kinyume. Na kama unataka huo mmoja wa A tu, uzungushe pale pale dukani uone unaelekea wapi, kuna funguo za mtindo wa zamani wa Fender (kampuni ya magita) zinazungukia kinyume na hizi za kisasa, sasa siku ya ibada unakaza kumbe unalegeza.

Kuhusu nyuzi: nyuzi nne za besi zikiwa zimetyuniwa kawaida zinavuta shingo kwa jumla ya karibu kilo 80, hiyo ni zaidi ya mfuko mmoja na nusu wa saruji. Kwahiyo usikate uzi ukiwa umekaza hata siku moja, waya wake wa ndani wa chuma ukifyatuka unaenda machoni au kwenye mkono. Legeza zote kidogo kidogo, huu kidogo na ule kidogo, mpaka zinaning'inia kabisa, ndo utoe. Kuzitoa zote kwa mpigo hakuna shida, shingo itanyooka au kurudi nyuma kidogo na ukirudisha nyuzi itarudi. Ila usiguse chuma cha ndani ya shingo, kile cha kurekebisha mpindo wake, siku hiyo. Ifunge, ityuni, iache ilale usiku mzima, kesho yake ndo uangalie kama kuna haja ya kurekebisha.

Kutoa za zamani: fungua nati ya mbele kama ipo, alafu skrubu za nyuma, kwa bisibisi ya nyota inayojaa kabisa kwenye kichwa cha skrubu. Skrubu ikigoma usilazimishe, mti wa shingo za besi mara nyingi ni mgumu na skrubu hizi ni nyembamba, zinakatika ndani. Igusishe chuma cha moto cha fundi redio, kile cha kuyeyushia risasi, kama nusu dakika, joto linalegeza rangi na gundi inayoishika, alafu jaribu tena. Bushi za kusukuma kwa ndani nazo hivyo hivyo, pasha kidogo, uisukume kutoka nyuma kwa kijiti cha mbao kinachoingia vizuri. Ukiichokonoa kwa bisibisi kutoka mbele itatoka na rangi, pengine na kipande cha mbao.

Sasa hapa naomba unisikilize sana. Funguo mpya zikigoma kuingia, usichukue drili ya kawaida ukapanua shimo. Mi nikiwa bado najifunza nilifanya hivyo kwenye besi ya mteja, ncha ya drili ikanasa kwenye ukingo wa shimo ikavuta, kichwa kikapasuka kwa urefu kufuata nyuzi za mbao. Niliigundisha na kuibana siku mbili, ikashika, lakini ule mstari upo mpaka leo na yule mzee kila nikikutana nae naukumbuka. Shimo linapanuliwa kwa rima, kile chuma kinachochonga taratibu kikiwa kimeanza chembamba, unazungusha kwa mkono, nusu kutoka mbele nusu kutoka nyuma. Kama huna rima rudisha funguo, tafuta zinazolingana. Shimo likiwa kubwa kuliko ufunguo hapo ni rahisi zaidi, kuna bushi nene za kupunguza shimo.

Bushi mpya usiigonge kwa nyundo. Chukua bolti ndefu na nati, washa pana (pete bapa ya chuma) kila upande na kipande cha mbao laini, ipitishe kwenye shimo, kaza kwa spana pole pole, bolti itaivuta bushi mpaka ikae. Ni ujanja wa bei ya soda na haujawahi kuniangusha.

Alafu weka funguo zote nne bila skrubu, kaza nati za mbele kwa vidole tu, pitisha rula pembeni zikae kwenye mstari mmoja, ndo uweke alama za matundu. Tundu la zamani likiwa karibu sana na jipya, lijaze kwanza kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi ya mbao, liache likauke mpaka kesho. Toboa kwa drili nyembamba inayolingana na mwili wa skrubu bila meno yake, na zungushia tepu kwenye ncha ili ujue mwisho wa kina, maana kichwa cha besi ni chembamba na ukipitiliza unatokea mbele. Paka skrubu nta ya mshumaa. Sabuni watu wanapaka ila inavuta unyevu, na kwa wenzetu wa pwani huko skrubu inakula kutu ndani kwa ndani. Nati za mbele zikishika, robo mzunguko tu inatosha, ukizidisha rangi inapasuka kwa duara.

Kurudisha uzi: uvute upite kinguzo chake kama sentimita 12, UUKUNJE kwanza kwa pembe kali ndo ukate mbele ya kunjo, ukikata bila kukunja ile waya ya juu inaanza kufunguka na uzi unakufa sauti. Ncha iingie kwenye tundu la katikati ya kinguzo, mizunguko miwili na nusu mpaka mitatu ikishuka chini, sio kupandana.

Kesho kwenye mazoezi anza na ule mstari wa peni kwenye E, uniandikie umeonaje kabla hujapanda basi la Dar. Ikiwa mstari haujasogea unahitaji ufunguo mmoja tu.